Mbwa Msaidizi na Mbwa wa Kufugwa: Tofauti Inayolinda Haki na Uhai

Makambako ni mji wa njia panda. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Mbeya na Tunduma huachana na ile iendayo Njombe na Songea, na hapo hapo reli ya TAZARA ina stesheni yake. Kila siku hupita watu wa kila namna: wakulima wa viazi na parachichi, wafanyabiashara wa mbao, wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda hospitali, na wageni kutoka nchi za mbali.

Ichukuliwe kwamba asubuhi moja abiria anafika stendi akiwa na mbwa aliyefungwa kamba. Kondakta anamweleza kuwa mbwa hapandi basi pamoja na watu. Abiria anajibu kuwa huyo si mbwa wa kawaida bali ni mbwa wa kumsaidia mtu mwenye ulemavu. Anaonyesha kizibao chenye maandishi alichomvalisha mgongoni, na kuongeza kuwa kumkataa ni unyanyasaji. Abiria wengine wanaanza kubishana. Mama mwenye mtoto mchanga anasogea nyuma kwa hofu.

Kondakta yupo katika mtihani wa kweli. Akimkubali bila kuuliza lolote, huenda amepakia mnyama asiyechanjwa katikati ya watu hamsini. Akimkataa bila kuuliza lolote, huenda amemzuia mtu asiyeona kusafiri kama raia wengine. Mtihani huo huo unaweza kumkuta mhudumu wa zahanati, mwenye mgahawa, mlinzi wa soko au mtumishi wa ofisi ya kata. Makala haya yanaeleza mbwa msaidizi ni yupi, ni yupi asiye msaidizi, kwa nini watu hudanganya kuhusu jambo hili, na ni hatua gani zinazofaa kuchukuliwa pande zote mbili.

Mbwa msaidizi ni nani

Mbwa msaidizi ni mbwa aliyefundishwa kufanya kazi mahususi inayohusiana moja kwa moja na ulemavu wa mtu anayemsaidia. Anayefahamika zaidi ni mbwa mwongozaji wa wasioona. Wapo pia wanaowajulisha viziwi kuwa mlango umegongwa au mtoto analia, wanaookota vitu na kufungua milango kwa ajili ya watumiaji wa viti vya magurudumu, na wanaomsaidia mtu mwenye kifafa wakati anapopatwa na degedege.

Utaratibu wa kuwafundisha mbwa waongozaji katika shule maalumu ulianza Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Askari wengi walikuwa wamepoteza uwezo wa kuona, na mwaka 1916 shule ya kwanza ilifunguliwa katika mji wa Oldenburg. Marekani ilipata shule yake mwaka 1929, na Uingereza ikapata waongozaji wake wanne wa kwanza mwaka 1931. Barani Afrika, Afrika Kusini ilianzisha chama cha mbwa waongozaji mwaka 1953.

Mafunzo yenyewe si ya siku chache. Mtoto wa mbwa huchukuliwa akiwa na umri wa takriban wiki 8 na kulelewa katika familia kwa mwaka mmoja au zaidi ili azoee watu, kelele, magari na masoko. Kisha huingia shuleni kwa miezi kadhaa. Wengi hushindwa na kuondolewa, kwa sababu mbwa mwenye woga, mwenye hasira au anayevutwa upesi na harufu ya chakula hawezi kukabidhiwa maisha ya mtu. Anayefaulu hukutanishwa na mtu wake, nao hufundishwa pamoja kwa wiki kadhaa.

Watu wengi hudhani kuwa mbwa huyo ndiye anayejua njia. Sivyo. Mtu asiyeona ndiye anayejua aendako, naye humwamuru mbwa kwenda mbele, kushoto au kulia. Kazi ya mbwa ni kumwepusha na shimo, nguzo, baiskeli iliyoegeshwa vibaya na ukingo wa mtaro. Jambo gumu kuliko yote analofundishwa ni kukaidi amri kwa busara: akiamriwa kwenda mbele ilhali gari linakuja, hukataa kusogea. Mnyama anayeweza kupima amri ya binadamu dhidi ya hatari iliyo mbele yake hapatikani kwa kuvalishwa kizibao.

Ni yupi asiye mbwa msaidizi

Mbwa wa ulinzi, hata awe mwaminifu kiasi gani, si mbwa msaidizi kwa maana hii. Katika maeneo ya Njombe na Makambako mbwa wengi hufugwa kulinda nyumba, mifugo na mashamba. Hiyo ni kazi ya heshima na ya manufaa, lakini haimpi mbwa huyo haki ya kuingia zahanati au kupanda basi. Tena, sifa inayomfanya awe mlinzi mzuri, yaani kumtilia shaka mgeni, ndiyo inayomfanya asifae katikati ya umati.

Mbwa wa kufugwa kwa ajili ya upendo tu naye si mbwa msaidizi. Huenda mwenye mbwa ni mpweke au amefiwa, na kuwepo kwa mnyama humtuliza moyo. Faraja hiyo ni ya kweli na haipaswi kudharauliwa. Hata hivyo, mnyama wa kuliwaza hajafundishwa kazi yoyote mahususi, wala hajapimwa tabia yake mbele ya watu. Faraja anayoitoa nyumbani haitoshi kumfanya astahili kuingia kila mahali.

Wapo pia wanyama wa kazi wanaomilikiwa na taasisi. Jeshi la Polisi Tanzania lina kikosi cha mbwa na farasi. Huko Usa River mkoani Arusha kumekuwa na mafunzo ya mbwa wanaonusa pembe za ndovu na nyara nyingine katika bandari na viwanja vya ndege. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, aitwaye Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake ya kufichua mabomu nchini Kambodia. Wanyama hawa wote wanaonyesha ukweli mmoja: thamani ya mnyama wa kazi imo katika mafunzo yake na katika mtu aliyefundishwa kumwongoza, wala si katika jina analoitwa.

Udanganyifu ulivyoanza

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Marekani. Sheria ya nchi hiyo humruhusu mtu mwenye ulemavu kuingia na mbwa wake msaidizi katika maduka, hoteli, hospitali na vyombo vya usafiri. Ili kulinda faragha ya watu hao, sheria haimlazimishi mtu kuonyesha cheti. Mwenye duka anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu pale ambapo jambo halionekani wazi: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na je, amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kuuliza mtu anaumwa nini, wala kudai mbwa afanye kazi yake papo hapo.

Utaratibu huo ulijengwa juu ya uaminifu, na baadhi ya watu waliugeuza kuwa mlango wa nyuma. Mashirika ya ndege hutoza nauli kwa mnyama wa kufugwa, lakini mbwa msaidizi husafiri bure. Hivyo wapo walionunua vizibao na vyeti visivyo na maana yoyote kisheria kupitia intaneti, wakawavalisha mbwa wao na kuwapeleka uwanjani. Kwa kuwa mashirika yalitakiwa wakati huo kuwapokea pia wanyama wa kuliwaza, madai yalizidi mipaka. Mwezi Januari 2018, katika uwanja wa ndege wa Newark, abiria mmoja alikataliwa kupanda ndege akiwa na tausi aliyedai kuwa ni wa kumliwaza.

Serikali ya Marekani ilibadilisha kanuni za usafiri wa anga mwezi Desemba 2020. Tangu Januari 2021 mashirika ya ndege hayalazimiki tena kumhesabu mnyama wa kuliwaza kuwa ni mnyama msaidizi, na yanaweza kumtaka abiria ajaze fomu ya kuthibitisha mafunzo na afya ya mbwa wake. Baadhi ya majimbo yamefanya udanganyifu huo kuwa kosa la jinai. Jimbo la Florida lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2015, na miongoni mwa adhabu zake ni saa 30 za kazi katika taasisi inayowahudumia watu wenye ulemavu. Adhabu hiyo ina mafundisho ndani yake: aliyejifanya ana uhitaji hupelekwa kuona uhitaji wenyewe.

Hali kama hiyo imetokea katika meli kubwa za watalii. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani iliamua kuwa sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu inazihusu hata meli zenye bendera ya nchi nyingine zinapokuwa katika maji ya Marekani. Mbwa wasaidizi hupokewa melini, na hutengewa sanduku lenye nyasi au maranda ya mbao kwa ajili ya haja zao. Lakini kizibao kilichompandisha mbwa melini hakimshushi katika kila bandari. Kila nchi ina sheria zake za kuzuia magonjwa ya wanyama, na visiwa visivyo na kichaa cha mbwa huwa vikali sana. Mbwa asiye na hati za chanjo na afya hubaki melini. Nahodha wa meli hana mamlaka ya kubadilisha sheria ya nchi anakotia nanga, wala machozi ya abiria hayaibadilishi.

Nani anayeumia

Mtu anayemsingizia mbwa wake kazi asiyoijua huenda akadhani kuwa hajamdhuru yeyote. Amepanda gari, mbwa amelala miguuni, safari imekwisha. Madhara hayaonekani siku hiyo, kwa sababu anayeyalipa ni mtu mwingine atakayekuja kesho.

Madhara ya kwanza ni kupotea kwa imani. Mwenye mgahawa aliyeharibiwa biashara na mbwa wa uongo hatamkaribisha mbwa wa kweli. Mtu asiyeona atakayefika baadaye atasimamishwa mlangoni, atahojiwa mbele ya watu, na pengine atarudishwa. Ametumia miaka kuzoeana na mwongozaji wake ili asimtegemee mtu kwa kila hatua, na uhuru huo unanyang'anywa na uongo wa mtu asiyemjua.

Madhara ya pili humpata mbwa mwenyewe. Mbwa asiyefundishwa akimbwekea au kumshambulia mbwa mwongozaji, yule wa kweli anaweza kupata woga usiotibika na kulazimika kustaafishwa. Gharama na kazi ya miaka mingi hupotea kwa dakika moja, na mtu aliyekuwa akiongozwa hubaki bila macho yake ya pili.

Madhara ya tatu ni kwa watu wote waliomo chomboni. Mbwa aliyezoea ua wa nyumba yake huogopa anapobanwa katikati ya mizigo na miguu ya watu. Mbwa mwenye woga huuma.

Jamii zetu zinaujua udanganyifu wa namna hii kwa sura nyingine. Mtu mwenye macho mazima anapojifanya haoni ili apewe sadaka barabarani, sadaka ya asiyeona wa kweli hupungua. Mtu asiye na ulemavu anapojipenyeza katika kikundi ili apate sehemu ya mikopo ya halmashauri iliyotengwa kwa watu wenye ulemavu, ambayo ni asilimia 2 ya mapato ya ndani, hupunguza mtaji wa wale waliokusudiwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini hata ikiwa fupi, huacha mashimo ambayo wengine huanguka ndani yake.

Hali ilivyo nchini

Nchini Tanzania mbwa waongozaji ni nadra sana. Wasioona walio wengi hutumia fimbo nyeupe, au huongozwa na ndugu, rafiki au mtoto. Fimbo nyeupe ni ishara inayotambuliwa duniani kote, na siku yake huadhimishwa kila tarehe 15 Oktoba. Fimbo hiyo humjulisha anayeishika kilichopo mbele yake, na humjulisha dereva kuwa anayevuka haoni. Kwa hiyo, swali la kwanza ambalo mkazi wa Njombe au Makambako anapaswa kujiuliza halihusu mbwa. Ni iwapo anamsimamishia gari mwenye fimbo nyeupe, iwapo ameacha tofali au pikipiki katika njia ya waenda kwa miguu, na iwapo mtoto wa jirani anakosa shule ili amwongoze babu yake.

Hata hivyo, unadra wa mbwa hao hauondoi haki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka huo. Sheria hiyo inakataza ubaguzi na inataka majengo na huduma za umma ziweze kufikiwa na watu wote. Mkataba, katika ibara ya 9 na ya 20, unazitaka nchi kurahisisha upatikanaji wa msaada wa viumbe hai kwa watu wenye ulemavu, na nakala rasmi ya Kifaransa ya ibara ya 9 inataja waziwazi msaada wa binadamu na wa mnyama. Mgeni asiyeona anayeshuka katika stesheni ya TAZARA na mwongozaji wake, au Mtanzania aliyerejea kutoka masomoni ughaibuni akiwa na mbwa wake, anastahili kusikilizwa kabla ya kukataliwa.

Kusikilizwa huko kunapaswa kwenda sambamba na heshima kwa wengine. Wapo wanaoogopa mbwa kwa sababu waliwahi kuumwa. Wapo Waislamu wanaojali masharti ya twahara yanayohusu mate ya mbwa. Mambo haya yanaweza kupatanishwa. Mwaka 2008, katika mji wa Leicester nchini Uingereza, kijana Mwislamu asiyeona aliruhusiwa kufika msikitini na mbwa wake mwongozaji baada ya viongozi wa dini kuliangalia suala hilo. Mbwa alitengewa sehemu ya kupumzikia karibu na lango, wala hakuingia mahali pa kuswalia. Mtu alitimiza ibada yake, na waumini wengine hawakuvunjiwa masharti yao.

Kichaa cha mbwa: sababu ya kutocheza na ukweli

Kuna sababu nyingine inayofanya uongo kuhusu mbwa uwe hatari zaidi katika mazingira yetu kuliko katika miji ya Ulaya. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa bado upo nchini. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao barani Asia na Afrika, na takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa Tanzania ilikuwa ikipoteza watu karibu 1,500 kwa mwaka.

Virusi hivyo humo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa njia ya jeraha na kusafiri polepole katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi 2 hadi 3, lakini inaweza kuwa wiki moja au mwaka mzima. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu hakika atakufa. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa unazuilika.

Aliyeumwa au kuchubuliwa na mbwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Jeraha lisipakwe mafuta, majivu wala dawa za kubahatisha. Kisha aende kituo cha huduma za afya siku hiyo hiyo ili aelekezwe kuhusu chanjo, bila kusubiri kuona kama mbwa ataugua. Taarifa ifikishwe pia kwa ofisa mifugo ili mbwa afuatiliwe. Kizibao chenye maneno mazuri hakizuii lolote kati ya haya. Kinachozuia ni chanjo. Wataalamu wanaeleza kuwa mbwa wasiopungua asilimia 70 katika eneo wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika.

Mtoa huduma afanye nini

Kondakta, mhudumu au mlinzi hahitaji kuwa mtaalamu wa mbwa wala hakimu. Anahitaji utulivu, maswali machache na macho ya kuangalia mwenendo.

Kwanza, azungumze na mtu mwenyewe kwa staha. Amwamkie, amsalimu, na ikiwa haoni ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Asizungumze na aliyefuatana naye kana kwamba mwenye ulemavu hasikii.

Pili, aulize maswali mawili yanayotosha: je, mbwa huyu ni wa kukusaidia kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kazi gani? Mwenye mbwa wa kweli hujibu kwa urahisi, kwa kuwa huishi na kazi hiyo kila siku. Jibu la kwamba mbwa humpa mwenyewe furaha ni jibu la mwenye mbwa wa kufugwa. Maswali kuhusu ugonjwa wa mtu hayafai kuulizwa mbele ya umati.

Tatu, aangalie tabia ya mbwa. Mbwa aliyefundishwa hutulia karibu na mtu wake, habweki ovyo, harukii watu, hanusi mizigo ya chakula wala hachafui sakafu. Mwongozaji wa wasioona huvaa mkanda wa kifuani wenye mpini mgumu anaoushika mtu wake. Mbwa anayevuta kamba, anayenguruma au anayezurura anaweza kukataliwa, hata kama kizibao chake kinang'aa, kwa sababu usalama wa watu unatangulia.

Nne, akikubali, apange nafasi. Mbwa msaidizi hulala miguuni pa mtu wake. Kiti cha mbele au cha pembeni chenye nafasi kinafaa. Mwenye hofu ahamishiwe mbali bila kubezwa. Abiria waelezwe wasimguse mbwa, wasimwite wala wasimpe chakula, kwa kuwa yupo kazini.

Tano, akikataa, akatae mbwa wala asimkatae mtu. Mwenye ulemavu aliyefika na mbwa asiyefaa bado ana haki ya kusafiri, kutibiwa na kuhudumiwa. Mbwa akipatiwa mahali pa kusubiri, mwenyewe aongozwe na ahudumiwe.

Mwenye mbwa afanye nini

Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inamtaka mwenye mnyama amtunze kwa chakula, maji, malazi na tiba, na asimtese. Kumpanga mbwa wa ua katika basi lenye joto na kelele kwa saa nyingi ni kumtesa, hata ikiwa nia ni kuwa naye karibu.

Anayetaka kumhamisha mbwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine afike kwa ofisa mifugo wa kata au wa halmashauri kabla ya siku ya safari. Ataelekezwa kuhusu chanjo, hati za afya na kibali cha kusafirisha mnyama. Mbwa asafirishwe katika kizimba imara chenye hewa, au katika gari la binafsi, kwa makubaliano ya wazi na mwenye chombo. Utaratibu huo unawahusu pia wanaosafiri kwa meli za Ziwa Nyasa kutoka bandari za Ludewa. Akimsafirisha nje ya nchi, aulize mapema masharti ya nchi aendako, kwani mengine huhitaji maandalizi ya miezi.

Nyumbani, mbwa apewe chanjo ya kichaa cha mbwa na irudiwe kila mwaka, cheti kitunzwe, na asiachwe kuzurura. Mbwa aliyefungwa wakati wa mchana na kufunguliwa usiku ndani ya uzio hulinda nyumba bila kuwatisha watoto wanaokwenda shule alfajiri.

Mkazi mwenye ulemavu anayehitaji nyenzo za kujimudu, iwe fimbo nyeupe, kiti cha magurudumu au msaada mwingine, aanzie kwa ofisa ustawi wa jamii au ofisa maendeleo ya jamii wa kata yake, au kwa kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji au mtaa. Anayekataliwa huduma kwa sababu ya ulemavu wake aripoti kwa mtendaji wa kata, akitaja siku, mahali na yaliyotokea.

Basi na arejewe kondakta wa asubuhi ile. Ameuliza maswali yake mawili kwa upole. Ikiwa abiria ameshika mpini wa mkanda, mbwa ametulia na jibu limenyooka, atawaomba walioketi mbele wasogee, na gari litaondoka kwa wakati. Ikiwa jibu limesitasita na mbwa anavuta kamba kuelekea kapu la samaki, atamwonyesha abiria njia ya kwenda kwa ofisa mifugo, bila matusi. Uamuzi wote umechukua dakika mbili. Na siku ambayo mtu asiyeona atasimama katika mlango ule ule na mwongozaji wake wa kweli, atakuta mtu anayejua la kuuliza, na kiti kinachomsubiri.